Tundu Lisilopitisha Kidole

Mdogo wangu wa kike alifia Dar es Salaam, na ndugu wakaamua azikwe nyumbani, Tabora. Tulikodi Kosta. Viti vya nyuma viling'olewa, jeneza likawekwa hapo, nasi tukakaa mbele yake: mimi, mjomba wetu, akinamama wawili wa kanisani kwake, na binti yake, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili. Tuliondoka alfajiri. Tuliimba mpaka sauti zikakauka, na tulipoiacha Dodoma kila mtu akabaki na mawazo yake.

Barabara ile, kwa sehemu kubwa, inafuata njia ya zamani ya misafara. Mjomba alifundisha historia miaka mingi, na siku nyingine angetuchosha kwa kutuonyesha wapi palikuwa na kisima na wapi wapagazi walipumzika. Siku hiyo aliegemeza kichwa kwenye kioo akasinzia.

Tulikuwa tumeipita Itigi, jua kali, vichaka pande zote mbili, tuliposikia kitu kinakwaruza.

Kwanza nilidhani ni dumu la maji linasugua bodi ya gari. Kikanyamaza. Kikaanza tena, kwaru, kwaru, kama kucha kwenye plastiki, na sauti ilitoka nyuma yetu. Mama mmoja akanishika mkono kwa nguvu. Mjomba akafumbua macho. Sote tuligeuka tukatazama jeneza. Dereva naye alisikia. Alipunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara, akashuka.

"Mzee," alimwambia mjomba kupitia dirishani, "mimi sirudi humo mpaka mjue ni nini hicho."

Ndipo mtoto aliposema, kwa sauti ndogo, "Ni wangu."

Aliinama chini ya kiti cha mwisho, kile kilichokaribiana na jeneza, akavuta ndoo ndogo ya rangi. Mfuniko wake ulikuwa umetobolewa vitundu kwa msumari wa moto. Alipoufungua tukaona, juu ya vipande vya gazeti, mnyama mdogo wa rangi ya asali, mashavu yamemvimba, macho meusi kama mbegu za papai, mkia karibu hana.

"Panya!" alisema mjomba.

"Siyo panya, babu. Ni hamsta. Mama alikuwa anamlisha."

Mama mmoja wa kanisani alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na sote tukalia pale kando ya barabara, dereva akiwa amesimama nje ameshika kofia yake. Mtoto peke yake hakulia. Alifunika ndoo, akaiweka mapajani, na akakaa nayo hivyo hadi Tabora.

Mdogo wangu alikuwa mpishi katika nyumba ya familia moja ya wageni huko Dar. Familia hiyo ilipohama nchi ilimpa binti yake yule hamsta, pamoja na tundu lake kubwa lenye ghorofa na gurudumu la kukimbilia. Nililiona mara moja nilipowatembelea, nikacheka, nikamwambia mdogo wangu kwamba panya wake anaishi vizuri kuliko mimi. Alipofariki, wakati mimi nikihangaika hospitalini na karatasi za kusafirisha mwili, watu walitoa vitu vyake chumbani. Tundu lilipotea hapo. Sikumlaumu mtu, kwenye msiba vitu hupotea. Mtoto alikuwa amewahi kumtoa mnyama na kumwingiza kwenye ndoo, na hakumwambia yeyote, kwa sababu aliogopa kwamba akisema, atanyimwa ruhusa ya kusafiri naye.

Tulimzika mdogo wangu kesho yake. Baba wa mtoto, ambaye alikuwa ametengana na mdogo wangu kwa muda mrefu na alikuwa akifanya kazi migodini upande wa Geita, alifika wakati kaburi limeshafunikwa. Alikaa siku za matanga, akala na wanaume, hakunyanyua macho. Alipoondoka aliniambia, "Shemeji, kaa naye kwanza. Nikikaa sawa nitakuja."

Kwa hiyo mtoto akabaki kwangu. Ninaishi Ipuli, nyumba ya vyumba viwili na sebule, na kazi yangu ni ushonaji; kibaraza changu kiko Ng'ambo, karibu na mafundi seremala. Niliwahi kuolewa, nikaachika, sikujaliwa mtoto. Sikuwahi kuamka asubuhi nikamwandalia mtu mwingine uji wa shule. Nilijifunza.

Watu walimsifu kwamba ni mtoto jasiri, halii. Mimi ukimya ule uliniogopesha. Alikula, alioga, alikwenda shule mpya, alisema shikamoo kwa kila mkubwa, na zaidi ya hapo hakuwa na maneno. Akirudi shule aliketi sakafuni karibu na ile ndoo, akimngoja hamsta aamke, maana mnyama yule hulala mchana kutwa na huanza shughuli zake jua likizama. Akiamka, alizunguka. Alizunguka ndani ya ndoo ile kama punda wa kinu, akigusa ukuta, akigeuka, akigusa ukuta.

Jioni moja nilikuwa nachambua mchele, akaja akasimama mbele yangu.

"Mama mkubwa, hawezi kukaa kwenye ndoo."

"Anataka nini?"

Alinyoosha mikono yake yote miwili kwa upana hadi mabega yakatetemeka. "Tundu la hivi. Sakafu isiwe ya waya, miguu yake itaumia. Na kati ya waya na waya, kidole changu hiki kisipite." Akanionyesha kidole cha mwisho. "Kikipita kidole, anapita na yeye."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mama."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu msiba. Niliweka ungo chini. Niliamua palepale kwamba tundu hilo nitalipata, hata kama Tabora nzima itanicheka.

Na walinicheka. Nilianzia duka la dawa za mifugo, nikidhani wanaouza chanjo za kuku watajua habari za wanyama wadogo. Nilieleza kwamba nina mnyama kama panya. Kijana wa dukani hakunisubiri nimalize. Alishageuka kwenye rafu na kuniwekea mezani pakiti ya sumu. "Hii, mama, usiku mmoja tu." Mtoto alikuwa pembeni yangu. Aliitazama ile pakiti, akanishika gauni, akanivuta tutoke.

Sokoni tulipata matundu ya njiwa, ya mbao na waya, makubwa ya kutosha. Mtoto aliingiza kidole. Kikapita kidole, kikapita kiganja, ukapita mkono hadi kwenye kiwiko. Muuzaji akasema njiwa hajawahi kulalamika. Tulijaribu na wavu wa kuku unaouzwa kwa mita. Tulijaribu kreti la soda. Kila mahali utaratibu ulikuwa uleule: mimi nauliza bei, yeye anachuchumaa, anaingiza kidole, anatikisa kichwa, tunashukuru, tunaondoka.

Nilitafuta kwenye simu. Kuna mtu Dar anauza matundu ya hamsta ya plastiki, ya bluu na ya waridi, yanapendeza sana pichani. Bei yake ilinifanya nidhani amekosea, nikamwandikia, akajibu kwamba hajakosea. Kwa kiasi hicho ningepata cherehani ya mtumba. Nikamwomba aweke kitu kando yake nione ukubwa. Akaweka kiatu chake. Tundu lilikuwa limezidi kiatu kidogo tu. Mtoto aliangalia picha ile kwa muda, akasema, "Hiyo ni ndoo yenye madirisha."

Fundi wa kuchomelea wa pale Ng'ambo alinisikiliza kwa heshima, akapima hewa kwa mikono yake, akaniambia ataniundia kitu cha nondo ambacho hata fisi hatoki. Bei ilikuwa ya fisi pia. Kisha akaniuliza, na naamini aliuliza kwa wema, "Kwani dada, ukimwachia tu akaenda, itakuwaje?"

Ningemwambia nini? Kwamba mtoto huyu ameshaachia vya kutosha?

Hatimaye mtu mmoja aliyekuwa akifuga chiriku aliniuzia tundu lake kwa bei nafuu. Lilikuwa dogo kuliko tulivyotaka, lakini lilikuwa zuri, na waya zake zimekaribiana. Mtoto alijaribu kidole. Kiliingia hadi kati ya kucha na fundo la kwanza, kikakwama.

"Kinapita kidogo," alisema.

"Kimekwama, mwanangu."

"Kimekwama. Lakini kimepita kidogo."

Tulilinunua. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka tuwe tumepata.

Asubuhi ya pili tundu lilikuwa tupu. Waya mbili zilikuwa zimepanuliwa kidogo tu, huwezi kuona mpaka uelekeze jicho hapo. Tulihamisha kabati la vyombo, magodoro, magunia ya mahindi. Tuliangalia ndani ya viatu. Nilikwenda kwa majirani mlango kwa mlango kuuliza nani ameweka sumu ya panya, na watatu walikuwa wameweka. Mtoto alinifuata hadi mlango wa kwanza tu. Aliposikia jibu alirudi ndani, akaketi kwenye kona ya sebule, na ghafla akaanza kulia.

Hakulia kama mtoto aliyepoteza mnyama. Alilia akiita, "Mama! Mama! Mama nakuja!" Alipiga visigino sakafuni. Nilimkumbatia akanisukuma, nikamkumbatia tena. Gauni langu lililowa kifuani. Siku ya mazishi alikuwa amesimama kando ya kaburi na mikono nyuma, ameangalia miti. Sasa yote yalikuja, mbele ya tundu la chiriku. Nilibaki nimemshika tu. Nadhani nilikuwa namwita mdogo wangu pia, moyoni au kwa sauti, sijui.

Alilia mpaka akalala mikononi mwangu. Hakwenda shule, na mimi sikwenda kazini. Mchana, kwa kuwa sikuweza kukaa bure, nilivuta karibu boksi la vipande vya vitambaa ninalowekea mabaki ya kushonea, nianze kuchambua. Nilipoingiza mkono nikagusa joto. Alikuwa amejichimbia katikati ya vipande vya kaki za sare za shule na bitana, amejitengenezea kiota cha mviringo, amelala kwa amani kabisa. Nilimwamsha mtoto taratibu. Alimchukua kwa viganja viwili, akamweka shingoni, chini ya sikio, na akawa anahema kwa kwikwi. Hamsta akarudi kwenye ndoo. Nasi tukaanza upya.

Kilichotuokoa ni chipsi.

Karibu na kituo cha mabasi palikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akikaanga chipsi. Nilipita hapo na mtoto tukitoka kanisani, nikaona anafunga virago. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa huko Ziba, hana mtu wa kumwangalia wala wa kuangalia ng'ombe wake, na alikuwa anarudi kwao. Karai lilikuwa limeshauzwa, jiko limeshauzwa. Lilibaki lile kabati la vioo ambamo chipsi na mayai hukaa yakionekana na wateja. Kioo mbele, kioo pembeni, chini bati, nyuma milango miwili ya kioo ya kusukuma.

Mtoto alisimama mbele ya kabati lile. Alinyoosha mikono. Ncha za vidole vyake ziligusa kona hii na kona ile, sawasawa.

"Mama mkubwa," alisema, "tukililaza?"

Sikumwelewa mara moja. Akanionyesha kwa mikono: likilazwa, kioo cha mbele kinakuwa sakafu, ile milango ya nyuma inakuwa juu, kama paa. Mlango mmoja ukitolewa, pakawekwa wavu wa chuma wa dirishani, hewa itaingia.

Mama wa chipsi aliuliza tunataka kuliweka nini. Nilijiandaa kuchekwa. Mtoto akamweleza mwenyewe, kuanzia mama yake, jeneza, ndoo, chiriku, mpaka pale. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mayu," aliniambia, jinsi wanavyomwita mama kwa Kinyamwezi, "lichukue. Utanipa nauli ya Ziba, basi."

Tulilipakia kwenye guta. Kutoka pale hadi Ipuli tulitembea nyuma yake, mimi nikishika upande huu na mtoto upande ule, na watu njiani wakituita, "Chipsi mayai mpo wapi leo?" Mtoto akajibu, kwa sauti ya kusikika, "Zimekwisha!" Nilimtazama. Alikuwa anacheka.

Tulilisugua kwa majivu, limau na sabuni mpaka harufu ya mafuta ikatoka, au karibu itoke. Seremala jirani wa kibaraza changu alikata wavu, akaupigilia kwenye fremu ya mbao, akatupa na kiroba cha maranda. Fundi baiskeli alitengeneza gurudumu kutokana na kopo kubwa la rangi. Mtoto alipitisha kidole kila kona, kila kiungo, ulimi ukiwa nje kwa umakini. Hakikupita popote.

Jioni tulimwachia ndani. Alisimama kwanza, akanusa. Kisha akakimbia. Alikimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akachimba, akapotea chini ya maranda, akaibukia upande wa pili na maranda kichwani. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, uso umegusa kioo, na kioo kikaweka ukungu wa pumzi yake.

Zilikuwa nzuri, siku zile. Sina namna ya kuzieleza bila kuzikuza, kwa hiyo nitasema kidogo. Alianza kulala usiku mzima. Alianza kusimulia ya shule, kisha akawa hanyamazi. Tulikaa jioni na taa moja, mimi nikipiga lupu kwenye pindo za sare, yeye akifanya hesabu, gurudumu la kopo likilia taratibu kwenye kona. Alimpa hamsta mbegu za alizeti moja moja akimwambia asile kwa pupa. Siku moja nilikuwa nakoroga mboga, yeye yuko mlangoni, akaniuliza, "Mama, chumvi iko wapi?" Mama tu, bila mkubwa. Nilimwonyesha chumvi. Kisha nilitoka nje kwenye kamba ya nguo, nikajifanya naanua, na nguo zilikuwa bado mbichi.

Mwaka ulipita na zaidi. Baba yake alipiga simu mara chache. Kisha akapiga kusema anakuja.

Alikuja na kaka yake mkubwa, wamevaa vizuri, wameleta kanga doti mbili na sukari. Mjomba alikuja kuketi upande wetu. Walizungumza kwa adabu, kama watu wanavyozungumza mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Baba alikuwa ameoa, ana nyumba, kuna shule karibu. Mahari ya mdogo wangu yalitolewa yote. Ng'ombe walifika, mjomba mwenyewe aliwapokea. Kaka mtu alipomaliza, mjomba aliangalia sakafu.

"Mtoto ni wa kwao," alisema. "Sisi tuliazimwa tu malezi. Hatuna la kusema."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilifungua mdomo, na baba wa mtoto akaniwahi, si kwa ukali.

"Shemeji, najua ulichofanya. Mtu akiniambia nikulipe, sijui nianzie wapi. Lakini ni mwanangu. Na mimi sina kingine chochote kilichobaki cha mama yake."

Macho yake yalikuwa mekundu. Ningependa angekuwa mtu mbaya. Ningepata pa kushika.

Mtoto alikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Tulijua sote kwamba yuko pale. Alitoka, akawasalimia wakubwa, akamuuliza baba yake swali moja. "Na hamsta?"

"Tutakwenda naye," alisema baba haraka, akitabasamu. "Nimesikia habari zake. Tutampakia."

"Kwenye nini?"

Baba alitazama huku na huku sebuleni. Aliliona kabati, urefu wake, vioo vyake, na nikaona akifikiria basi, barabara ya vumbi ya mwisho wa safari. "Kabati hili haliwezi kufika salama, mwanangu. Itabidi kwenye ndoo. Tukifika, tutamtafutia jingine."

Mtoto alikwenda kukaa karibu na kioo.

Usiku ule sitausema. Asubuhi nilimkuta ameshavaa, amechuchumaa mbele ya kabati, mkono umeingia ndani hadi begani, hamsta amekaa kiganjani mwake.

"Mama," aliniambia bila kugeuka, "yeye abaki."

"Ni wako. Baba amesema uende naye."

"Tulitafuta sana. Akirudi kwenye ndoo atazunguka tena. Mimi nimemwambia abaki." Alimweka chini, akatoa mkono, akapangusa maranda kwenye mkono wa gauni. "Usimpe karanga nyingi. Na maji ubadilishe, hata kama hajanywa."

Nikasema, "Sawa. Nitabadilisha."

Stendi alinishika shingo kwa nguvu mpaka baba yake akageukia pembeni. Hakulia. Kondakta aligonga bodi ya basi. Nilimwona dirishani, kisha nikaona nywele tu, kisha vumbi. Nilirudi kwa miguu. Nilipofika Ipuli nililala chini kwenye sakafu ya sebule, mchana kweupe, nikiwa na viatu miguuni, na nikalia kama nilivyokuwa sijalia hata kwa mdogo wangu. Jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana.

Alikuwa akinipigia Jumapili, baada ya ibada, kwa simu ya baba yake. Mazungumzo yalianza na kuishia kwa hamsta. Amekula? Amekimbia? Nilimweleza kila kitu, na nilipokosa la kueleza nilimwekea simu karibu na gurudumu asikie. Muda ukaenda. Simu zikawa za kila wiki mbili, kisha za mwezi. Mara moja, kabla hajanisalimia, nilimsikia akimwambia mtu kwa sauti ya furaha, "Mama, njoo, ni Mama mkubwa!" Nilielewa. Ndivyo inavyotakiwa iwe, na nilimshukuru Mungu kwa kuwa ndivyo, na siku nzima sikuweza kupitisha uzi kwenye sindano.

Alitakiwa kuja likizo ya Desemba. Nilishona gauni kwa kukisia urefu. Baba yake akapiga kusema mke wake amejifungua, mtoto anahitajika nyumbani, labda Juni. Nililikunja gauni nikaliweka.

Hamsta hawaishi muda mrefu. Mtoto alijua, mama yake alimwambia, lakini kujua si kuona. Manyoya yalianza kupungua mgongoni. Gurudumu likawa linalia kidogo, kisha halilii. Nilimlainishia uji wa ulezi nikampa kwa ncha ya kijiko. Asubuhi moja ya masika nilimkuta kwenye kona yake, amejikunja, baridi. Nilimfunga kwenye kipande cha kitambaa cha kaki, nikachimba nyuma ya nyumba, karibu na bomba, ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Nilijiona mjinga, mwanamke mzima ninalia juu ya kashimo ka kuingia ngumi. Lakini yule ndiye alikuwa wa mwisho kulishwa na mdogo wangu, na ndiye aliyekuwa sababu ya simu kuita.

Nilifikiri kumficha mtoto. Nilifikiri kusema, anakula, anakimbia. Kwenye simu nani angejua? Jumapili ilipofika, nilipoona namba yao, nikajua siwezi.

"Shikamoo, Mama mkubwa. Hajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Amekufa. Alikuwa mzee, alilala tu, hakuumwa. Alikuwa kwenye nyumba yake."

Nilisikia kuku, nilisikia mtoto mchanga akilia mbali. Kisha nikasikia simu ikianguka, na kilio kile ninachokijua, kile cha kwenye kona ya sebule.

Mtu akaokota simu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kijana, ambayo sikuwahi kuisikia ikinielekea mimi.

"Dada? Shikamoo dada. Mimi ni mama yake wa huku. Amejitupa chini, anapiga miguu, ananisukuma. Sijamwona hivi hata siku moja. Anamwita mama yake, yule marehemu. Dada, nimfanyeje?"

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Mpe mumeo mtoto mchanga amshike," nilisema. "Kisha kaa chini naye. Akikusukuma, mshike tena. Usimwambie anyamaze."

"Nisimwambie anyamaze."

"Usimwambie. Mwache amwite. Na wewe usikasirike akimwita."

"Sikasiriki, dada," alisema, na sauti yake ikakatika. "Mimi namhurumia tu."

Hakukata simu, nadhani aliiweka sakafuni. Nilisikia kanga ikiburuzika, nikasikia akiketi, nikasikia akisema, "Njoo. Njoo kwangu. Mwite tu, mwite." Nilibaki nimeweka simu sikioni, nikiwasikiliza wote wawili, mpaka salio lao likaisha.